Jinsi Eseza wa Bugembe Alivyookoa Majina Elfu Moja Mia Nne na Kumi na Mawili

Nyamazeni, enyi watu wa Jinja na Mbale, na mwenye kikombe cha chai akiweke chini, maana leo yatangazwa habari ya Koplo Eseza Naigaga, binti wa Bugembe, Mshika Kibodi, Mtiisha Simu, ambaye mwaka wa tisini na saba aliingia vitani akiwa na disketi thelathini na sketi ya kaki iliyofumuka pindo.

Ijulikane kwamba rejista ya askari jela wa upande ule ilikaa katika kompyuta tatu, mbili Jinja na moja Mbale, kila moja imeshika fungu lake la majina na kupashana habari na wenzake kwa waya wa simu. Amri ikatoka: zitiwe programu mpya kabla ya Ijumaa kwisha.

Afande Geresom, Simba wa Kiti cha Kuzunguka, akasimama akanena: "Koplo! Jumamosi mchumba wako anakuja Bugembe kujitambulisha, na wazee wake na mbuzi wake. Vema! Likizo nitaisaini programu ikiingia kote na majina yote yakiwepo. Likipungua hata moja, utayaandika upya kwa mkono mpaka Krismasi."

Jamani! Utambulisho bila bibi harusi, mbuzi apokelewe na nani?

Basi Jumatatu Eseza akanakili kompyuta zote, Mbale akaenda na kurudi, akamkabidhi disketi Sajenti Masaba, Mlinzi wa Masjala, mtu asiyepoteza hata kipande cha bahasha. Jumatano asubuhi Afande akanguruma: "Nakala ipo, anza!"

"Afande, sijaijaribu. Nipe ile kompyuta tupu ya stoo, niirudishe humo kwanza, nione kama inasomeka."

"Unanichelewesha, Koplo!"

"Nakuchelewesha asubuhi moja, afande. Majina yakipotea nitakuchelewesha mwaka."

Akaitwa Masaba. Akaingia na faili kwapani, akapiga saluti madirisha yakatetemeka, akalifungua. Lo! Disketi thelathini, zile pana laini, kila moja imegongwa muhuri wa zambarau, imetobolewa matundu mawili kwa panchi, na zote zimefungwa kwa uzi wa kijani.

"Hakuna kinachoingia masjala yangu bila kutobolewa," akasema kwa fahari. "Ndivyo tangu niajiriwe."

"Woowe!" Eseza akaketi sakafuni, akaiona Jumamosi yake inampita. Afande akatazama dari, maana lau angesikilizwa yeye, programu ingekuwa imeshaanza kuingia na hakuna pa kurudi.

"Kwani zimeumia?" Masaba akauliza.

Shujaa akainuka. Akaiteka panchi, akaifungia katika droo ya Afande, ufunguo akautia soksini. Akanakili upya kompyuta mbili za Jinja kwa disketi mpya, akapanda Land Rover hadi Mbale akanakili ya tatu, na Alhamisi akazirudisha nakala zote katika ile kompyuta tupu, akahesabu: elfu moja mia nne na kumi na mawili. Hapo ndipo alipoanza kutia programu mpya, kompyuta moja moja, ili mbili zilizobaki ziendelee na kazi. Ya kwanza ilipoitikia wenzake, akaiendea ya pili. Na Ijumaa asubuhi akaiangusha ngome ya Mbale, simu ikipiga kelele kama nguruwe aliyekanyagwa.

Akarudi Jinja na karatasi ya hesabu. Afande akaisoma mara mbili: majina elfu moja mia nne na kumi na mawili. Akakohoa, akasaini likizo bila hotuba, jambo ambalo halikuwahi kushuhudiwa na kiumbe yeyote wa ofisi ile.

Masaba alikuwa amesimama mlangoni, mikono mitupu, mnyonge siku tatu nzima. Eseza akamhurumia. Akavua kiatu, akatoa ufunguo, akamwekea mbele panchi na karatasi ya likizo.

"Hii sasa, sajenti, toboa."

Akatoboa, akapitisha uzi, akagonga muhuri mara mbili; na Jumamosi, wazee wakishuhudia na vizazi vyote vikijulishwa, mbuzi akapokelewa Bugembe na bibi harusi mwenyewe.