Zambarau, Chungwa na Kijani

Jumatatu, 6 Mei

Naoa! Mwenyewe bibi harusi hajaambiwa, lakini hilo dogo. Lalla Rahimo, mjane mwenye duka la keki hapa Tetouan, kamwambia dada yangu Fettouma kuwa Jumapili atakuja na mama yake kunywa chai. Kaongeza kwamba nyumba yetu ingependeza ikipata rangi kidogo. Rangi kidogo! Mwanamke hasemi hivyo bure.

Kwa kinyozi nimesoma gazeti la mapambo. Chumba cha kisasa ni rangi tatu kali: moja itawale, ya pili isaidie, ya tatu ichokoze. Nimechagua zambarau, chungwa na kijani cha mnanaa. Ila sioni kwa nini moja itawale. Zote zitatawala.

Jumatano, 8 Mei

Nimepaka kuta za sebule. Paka kaingia, kasimama, katoka kinyumenyume. Fettouma kashika kichwa. "Kaka, humu watu watakunywa chai au watatapika?" Nikachovya brashi tena. Wasanii hatujibu.

Jirani Laayachi naye kachungulia. Huyu pia anamtaka Rahimo, na sebule yake ni nyeupe yote, utadhani chumba cha kuchomea sindano. "Bwana Bouselham, umefungua sarakasi? Tiketi nakata wapi?" Cheka, Laayachi. Harusini nitakukalisha karibu na jikoni, penye moshi.

Ijumaa, 10 Mei

Nimenunua kitambaa cha mistari mipana ya rangi zangu tatu. Mapazia tayari. Makochi tayari. Mito tayari. Kitambaa kimebaki! Nimempelekea fundi cherehani anishonee jalaba, kanzu pana yenye kofia yake. Kauliza kama mtu ndiye atakayelivaa au kabati. Fettouma kanisihi nivae lile la zamani la kijivu. Maskini, hana jicho.

Jumapili, 12 Mei

Niandike haraka, mgongo unauma.

Nilivaa jalaba jipya, nikavuta kofia yake hadi usoni, nikaketi kwenye kona ya kochi kwa pozi. Mpango: nikae kimya, waishangae sebule kwanza, kisha mimi.

Wakaingia. Rahimo akafinya macho. Mama yake, Hajja Mennana, ambaye haoni vizuri hata siku njema, akapapasa kochi, akatafuta pahali palipo laini, akanikalia.

Ningefanyaje? Fettouma alikuwa keshampa mzee glasi ya chai ya moto mkononi. Nikabana pumzi.

"Mto huu una joto lake," akasifu Hajja, akajiegemeza vizuri. Mbavu zangu zikaitikia.

Rahimo akauliza Bwana Bouselham yuko wapi. Fettouma akasema alikuwa hapa sasa hivi. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Hata dada yangu wa damu hakuniona!

"Basi niseme kabla hajaja," akasema Rahimo, taratibu. "Mama, mimi huyu nampenda. Siku ile alinibebea magunia ya unga mpaka ndani, kimya, na jalaba lake la kijivu, hakujisifu hata neno moja. Akiniuliza leo, namkubali."

Moyo ukapasuka kwa furaha. Nikapiga kelele: "Na mimi nimekubali!"

Kelele hiyo ilitoka chini ya Hajja.

Hajja aliruka. Chai iliruka. Akasoma kila dua anayoijua, akaanza kulipiga kochi kwa mkoba wake, yaani mimi. Kisha akatoka mbio na viatu mkononi, moja kwa moja kwa Laayachi, akajitupa kwenye weupe wake. Rahimo akamfuata, uso kaufunika kwa mikono, mabega yanatetemeka. Kulia au kucheka, sikuweza kuona. Mto ulikuwa usoni.

Jumatatu, 13 Mei

Fettouma katoka dukani kwa Rahimo. Ilikuwa kucheka! Kacheka hadi krimu ikaungua. Anasema bado ananitaka. Nipake kuta chokaa, nivae la kijivu, nikamwombe Hajja radhi kwa upole, mengine atamaliza yeye. "Kaka," kasema Fettouma, karibu analia, "safari hii usibuni kitu. Chochote."

Nimekaa, nimetafakari kwa kina. Kosa limeonekana: nilivaa rangi zilezile za kochi. Ndiyo maana Hajja hakuniona! Jalaba lilitakiwa liwe la rangi nyingine tatu. Nyekundu, manjano na buluu. Fundi keshaanza kulishona.

Na radhi nitaiomba kwa vitendo. Hajja analala kila mchana, na mlango wake ni wa kahawia, unatia huruma. Buluu nimeshaipaka. Nangoja ikauke, niingie na manjano.

Akiamka, atalia kwa furaha.