Mtungi wa Binti Yangu, Mwisho Baa Mia Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Shajara yangu mpenzi, hujambo? Sisi hatujambo. Baba Watoto hajambo, mgongo tu. Bibi yao hajambo, meno hana lakini bado anatafuna watu. Kitinda mimba hajambo. Binti yangu mkubwa ndiye hajambo kuliko wote: Jumamosi anashindana kulenga shabaha kwa bunduki ya upepo! Sufuria yangu mpya ya presha nayo haijambo, ila inapumua mno.

Leo nusura nizimie. Binti kaniambia mtungi wake, ule aliorithi kwa mjomba wake, mwisho baa mia mbili. Mtungi! Baa! Mia mbili! Nikamuuliza ameanza lini kunywa. Akacheka hadi machozi. Kumbe baa ni kipimo cha msukumo wa hewa, na mtungi ndio unaoilisha bunduki. Nikapumua. Kisha akasema mtungi wa mtoto wa Mama Pacha, jirani yetu, unajazwa mia tatu. Nikaacha kupumua.

Jumanne, 4 Machi

Nimeubeba mtungi mgongoni kama mtoto mchanga hadi kwa fundi wa hewa. Mtaani tunamwita Subiri. Nikamwomba mia tatu. Akakataa! Ati kila mtungi umegongwa namba yake shingoni, ukiizidisha ni bomu. Ati tena tarehe ya kupimwa imepita, hata hiyo mia mbili hajazi. Subiri, mama, upimwe kwanza. Nisubiri, mimi? Mama Pacha anicheke?

Jumatano, 5 Machi

Akili ni mali! Namba na tarehe nimezifunika kwa rangi ya kucha. Mdomo wa mtungi nimeupaka mafuta ya kupikia, hewa iteleze. Nikaurudisha kwa Subiri, akanusa. Akaruka nyuma kama aliyekanyaga nyoka. Ati mafuta na hewa iliyobanwa ni petroli na kiberiti, hivi mama una watoto kweli? Nikamjibu ninao, ndiyo maana nahangaika. Kaninyang'anya mtungi, kaupeleka kupimwa.

Ijumaa, 7 Machi

Ole wangu! Wapimaji wameujaza maji, wakaongeza msukumo kupita ule wa kazi yake ya kila siku, waone utavimba kiasi gani na kama utarudi ulivyokuwa. Umevimba. Haukurudi. Mbona tumbo langu limevimba kwa kila mtoto na halikurudi, na hakuna aliyelitoboa? Maana mtungi wameutoboa, asije mtu akautumia tena. Binti kajifungia chumbani. Kesho hana hewa. Kosa ni la mjomba wake.

Mama Pacha kaingia bila hodi. Shoga, kumbe ulitaka kuturusha hewani mtaa mzima! Kacheka, kashika mbavu. Halafu, bila hata kubembelezwa, kasema mtungi wa mwanawe utajaza bunduki zote mbili. Binti kajaza polepole, macho kwenye geji, kaishia penye namba ya bunduki yake. Nikanong'ona aongeze kidogo tu. Wote wakanigeukia.

Jumamosi, 8 Machi

Wa kwanza! Binti yangu! Nilipiga vigelegele hadi nikatolewa nje ya uzio. Nikaendelea nje.

Sasa nimeelimika. Namba ya chombo haibishaniwi. Mama Pacha na mwanawe wako njiani kuja kula maharage, nayo hayajaiva. Sufuria ya presha nimeikagua kotekote, namba haina! Kile kidude cha juu kinapoteza mvuke bure tu, nimekifunga kwa waya. Imenyamaza kabisa. Raha!

Nijibu upesi, mpenzi. Kuna kitu kinatetemeka jikoni.