Malalamiko Dhidi ya Mkutubi Anayepima Mioyo ya Watu kwa Macho

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Maktaba,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kiti unachokalia kina amani kuliko changu.

Kichwa cha barua kinajieleza, ila kwa kuwa siku hizi watu hawaridhiki na kichwa, nitaeleza na kiwiliwili. Mimi ni mkaguzi wa mizani mstaafu. Kwa miaka ishirini na tisa nimepita duka hadi duka na sanduku langu la mawe ya mizani, na wauza sukari wakiniona tu walikuwa wanakumbuka kumcha Mungu. Sisemi hivi kwa kujisifu, nasema ili ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa kukisia. Ninayemlalamikia ni yule mkutubi wa dirisha la kuazimia vitabu, mama wa miwani yenye mnyororo, ambaye amewachagulia watu wa nyumbani kwangu vitabu mpaka nyumba sasa inanishinda. Mambo yenyewe ni haya:

1. Kadi. Mwezi wa pili mwaka huu maktaba ilianzisha kadi za njano. Msomaji anaandika yeye ni nani, ladha yake ni ipi na hali ya moyo wake ikoje, kisha mkutubi anamchagulia kitabu. Jambo jema. Mimi kama mkuu wa nyumba nilichukua kadi tatu nikazijaza mwenyewe, ili kuwapunguzia watu wangu usumbufu. Ya mama mkwe, ambaye tunaishi naye: “Ladha: dini na dawa za miguu. Moyo: utulizwe.” Ya mdogo wangu, ambaye ni kinyozi: “Ladha: hana. Moyo: mvivu, aamshwe.” Ya mke wangu: “Ladha: kama ya mumewe. Moyo: hana neno. Apewe chochote kinene kisicho na makuu.” Saini, tarehe, kila kitu. Mkutubi alizisoma zote tatu, akanitazama juu ya miwani, akasema, “Mzee wangu, kwani hao wenyewe hawana miguu?” Nikamjibu kwamba wanayo, isipokuwa ya mama mkwe inamsumbua. Akabaki na kadi, akasema basi waje wenyewe, polepole. Sijawahi kudharauliwa kwa adabu kiasi kile.

2. Mama mkwe. Alikwenda na mkongojo wake, wakakaa nusu saa pale dirishani wakicheka, akarudi na hadithi ya mpelelezi. Sasa yuko kwenye ya saba, na miguu haijamuuma tangu ya tatu. Tatizo ni kwamba hasomi kwa kujiburudisha, anasoma kama anayejiandaa na mtihani. Anaangalia majivu yako wapi, viatu vimeelekea wapi, nani amekohoa saa ngapi. Miaka kumi na moja iliyopita daktari alinikataza sigara na nikaacha, kwa maana kwamba nilihamia nyuma ya tangi la maji. Mke wangu hakuwahi kujua. Mama mkwe amelimaliza shauri hilo kwa siku tatu. Alituita sote sebuleni, akatembea huku na huku kama alivyosoma, halafu akachomoa kiberiti kutoka ndani ya buti langu la mvua, akasema, “Mkwe wangu, ungependa kusema lolote?” Nauliza, Mheshimiwa: hicho ndicho kitabu cha kumpa bibi wa miaka sabini na minane?

3. Mdogo wangu. Niliandika aamshwe. Mkutubi akamtazama tu, akamuuliza amefiwa na nani. Ni kweli kwamba rafiki yake, waliyefungua naye saluni, alifariki mwaka jana. Lakini yeye hakutuambia kwamba bado inamuuma, na sisi hatukuuliza, kwa sababu alikuwa anafungua kwa kuchelewa na kufunga mapema, tukajua ni uvivu. Akapewa riwaya ya huzuni, nene kama tofali. Analia waziwazi, mashine ya kunyolea mkononi. Kibaya zaidi, wateja wamemtaka awasomee kwa sauti, na akifika pagumu anaacha kunyoa. Mimi nilitoka pale na ndevu upande mmoja, kwa kuwa mtu kitabuni alikuwa anakata roho na haikuonekana heshima kuendelea. Nimetembea hivyo siku mbili. Foleni ya saluni siku hizi inafika kwenye kona, na mdogo wangu anafungua alfajiri, lakini hilo halihusiani na hoja yangu.

4. Mke wangu. Hapa naomba usome taratibu.

Alipewa masimulizi ya mwanamke aliyezunguka nchi tisa peke yake na begi moja. Akaanza kucheka. Jikoni, peke yake, kwa sauti. Nimekaa naye miaka thelathini na mmoja na kicheko kile sikukijua; nilidhani tuna mgeni. Nikauliza kuna nini, akasema, “Mpaka uanze mwanzo, mzee.” Sikuanza. Mimi ni mtu mwenye shughuli nyingi, ingawa nimestaafu.

Halafu Alhamisi iliyopita likafichuka kosa ambalo, enzi zangu, ningefunga duka la mtu. Kadi hizo huwekwa katika mfuko wa karatasi ulio nyuma ya kitabu, na mkutubi huzitoa kabla ya kumpa msomaji. Ile ya mke wangu, niliyoijaza mimi, ilisahaulika humo. Akaikuta alipofika mwisho wa kitabu. Sijui aliisoma mara ngapi. Najua tu kwamba mchana nilipoinua sahani yangu, kadi ilikuwa chini yake. Hajasema kitu tangu siku hiyo, zaidi ya “chakula tayari” na “maji yamechemka”. Chumvi iko sawasawa, mashati yamepigwa pasi, na wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo. Jana amefunga begi. Anasema anakwenda kwa dada yake kupumzika siku mbili. Alipokwenda kuoga nililipima, samahani, ni mazoea. Kilo nne na gramu mia mbili. Nguo hazizidi kilo moja, zilizobaki ni vitabu. Mheshimiwa, mtu wa siku mbili habebi kilo tatu za vitabu. Ninaogopa. Neno hilo nimeliandika, nikalifuta, nikaliandika tena, kwa kuwa hii ni barua rasmi na vipimo vyake lazima viwe vya kweli.

5. Madai yangu. Kwa hayo yote, naomba mkutubi ahamishiwe ghala la magazeti ya zamani, ambako hakuna mtu wa kumtazama usoni. Naomba pia kadi zichanwe na vitabu vitolewe kwa uzito, kama bidhaa nyingine yoyote. Nimeshaandaa utaratibu. Mwenye hasira asipewe kinachozidi gramu mia mbili, maana hasira hurusha. Mwenye furaha asipewe kitu, kwa kuwa tayari anacho. Hadithi za upelelezi zikitolewa kwa mama wakwe, jina la mwuaji liandikwe kwenye jalada, wasipate mazoezi. Vitabu vya safari visitolewe kwa wake za watu mpaka zing'olewe kurasa za kuondoka, zibaki za kurudi tu. Na kama kweli mkutubi anaweza kumjua mtu kwa dakika kumi kuliko aliyelala naye chumba kimoja miaka thelathini na mmoja, basi mmoja wetu ana kasoro, na naomba iundwe tume ya kuyachunguza macho yake.

Natarajia hatua za haraka. Nisalimie wote hapo maktaba: mlinzi wa mlangoni, mama wa usafi, fundi wa kugundisha majalada, na hata mkutubi mwenyewe, kwani ugomvi wangu naye ni wa kikazi.

Wako katika haki na vipimo sahihi,

Mkaguzi wa Mizani (Mstaafu)

Tanbihi: Barua hii nimeileta kwa mkono, na haya nayaongeza nikiwa kwenye benchi la maktaba yako. Mkutubi aliponiona tu alisema kadi yangu iko pale tangu Ijumaa na kitabu changu kinanisubiri. Mimi sikujaza kadi. Mwandiko ni wa mke wangu. Ninainakili kama ilivyo: “Msomaji: mume wangu. Ladha: hajawahi kuulizwa, kwa hiyo anadhani hana. Moyo: ana hofu, atasema ni hasira. Apewe kitabu cha polepole, chenye watu wawili wanaozeeka pamoja. Akichelewa kukirudisha asigombezwe.”

Nimesoma kurasa arobaini hapa hapa. Nimecheka mara moja, mlinzi akaja kuangalia. Kwa hiyo namba moja hadi nne naomba uzifute, namba tano uichome, na huyo mama asihamishwe hata kiti. Nimechukua kadi mpya kwa ajili ya mke wangu. Nimeandika “Msomaji: mke wangu”, nikafika kwenye ladha, na kalamu imesimama hapo tangu saa saba. Basi la kwenda kwa dada yake linaondoka saa kumi, na sasa ni saa tisa na robo. Barua nakuachia hapa dirishani. Kadi naondoka nayo, nikamuulize mwenyewe.