Vidonge vya Moyo Kwenye Kopo la Vitamini

Jumatatu, 4 Juni 2007
Kliniki. Daktari Hashimu amebonyeza vidole vyangu, nikapiga yowe. Akasema baridi yabisi haiishii kwenye viungo. Inachokoza na mishipa ya moyo, kimya kimya. Moyo! Nina miaka ishirini na sita! Kidonge cha viungo ni mara moja kwa wiki. Nimemkabidhi mama, nyumbani Ufukoni. Cha kupunguza mafuta kwenye damu ni kila siku, bila kuruka. Nitameza ofisini, chai ya saa nne. Ila bosi, Mama Beatrice, bado hajanithibitisha kazini. Nani athibitishe karani mwenye moyo wa mashaka? Mpango: hivi vya moyo nimevihamishia kwenye kopo la vitamini.

Jumanne, 5 Juni
Balaa! Nameza, Kasiani wa meza ya pili akaingia. Mdomo wangu, kwa malezi ya mama, ukasema wenyewe: karibu! Mtu mwingine angejibu ahsante, nimeshiba. Kasiani akakaribia. Akameza, akashushia na chai yangu.

Jumatano, 6 Juni
Kasiani anadai ametembea kutoka Shangani bila kuhema. Anataka cha leo. Nikasita. Akaniita mchoyo mbele ya watu. Nikampa.

Alhamisi, 7 Juni
Sasa anaomba vya mkewe, Witness, mwenye mimba ya miezi mitano. Karatasi ya dawa imesema wazi: mjamzito asitumie. Nikalikumbatia kopo, vidole vikilia. Nikafungua mdomo niseme ukweli. Ikatoka: hivi ni vya wanaume tu.
Kasiani akacheka mpaka miwani ikaanguka. Akasema: kumbe, Gaudensi! Na upole wote ule!

Ijumaa, 8 Juni
Saa nne, foleni mezani kwangu. Mlinzi. Dereva. Hata Mzee Athumani wa masjala, anayestaafu Desemba. Amesema yeye hajakata tamaa. Karibu, karibu. Kopo tupu. Mimi mwenyewe sikupata. Moyo unadunda. Ugonjwa au woga?

Jumatatu, 11 Juni
Sikulala wikiendi nzima. Nimekimbilia kliniki, nikamwaga yote. Daktari akafoka: dawa ya mtu si korosho, useme unapitisha sahani! Akanipa nyingine, akaagiza wote waliomeza waambiwe leo hii.
Nikawaambia. Mzee Athumani ameumia kuliko wote. Anasema alishaanza kuona mabadiliko. Kasiani, nadhani, alimfikiria Witness. Akanipa mkono, taratibu, asiniumize.
Mama Beatrice akafungua droo. Vidonge vyake vya presha, peupe, kando ya kalamu! Kunithibitisha, kumbe alishanithibitisha tangu mwezi jana. Akasema: weka vyako mezani, mwanangu, tukukumbushe.

Jumanne, 12 Juni
Wananikumbusha! Mlinzi, getini, kwa sauti ya mnadani: umemeza? Dereva, dirishani: Gaudensi, moyo! Mpaka muuza vitumbua amenipa pole. Siwezi.
Mpango mpya, huu hauna kasoro: vidonge vimo kwenye kopo la kahawa, kabatini. Ofisi nzima tunakunywa chai. Nani ataligusa?
Saa nne kasorobo. Mgeni wa Mama Beatrice amefika kutoka Dar. Chai hanywi.