Vidonge vya Dada na Goti Langu

Jumatatu, 3 Machi
Dada amefunga vifungo vya blauzi mwenyewe. Vyote sita. Miaka minne baridi yabisi imemkunja vidole, na yeye ni fundi cherehani. Nilisimama mlangoni, chai ikapoa mkononi. Dawa za kwanza hazikumsaidia, ndipo daktari wa viungo akamjaribishia antibiotiki, na sasa ametimiza miezi mitano akizimeza. Alionya kwamba haimfai kila mgonjwa. Lakini kidonge kidogo vile, kufungua ngumi ya mtu!
Goti langu linauma tangu nianguke ngazini. Nimechukua viwili. Hatajua.

Jumatano, 5 Machi
Goti bado. Nimeongeza vitatu. Nimemtangazia fundi rangi mwenzangu kuwa keshokutwa nitapanda ngazi kama paka. Akasema ataleta kiti, akae atazame.

Ijumaa, 7 Machi
Jana vitatu tena. Leo nimepaka ukuta juani, masikio yameungua, shingo haigeuki. Mwenzangu ameuliza kwa nini nimejipaka rangi nyekundu ya mlango. Kiti alileta kweli.
Nimemwendea mfamasia wa mtaa wetu. Nikasema ni rafiki yangu anayetumia dawa ile kwa goti alilogonga. Akauliza kama rafiki naye ana masikio mekundu. Kumbe dawa hiyo huifanya ngozi isivumilie jua. Na goti lililogongwa, akasema, halina ugonjwa wa dada yako. Sikuwa nimemtaja dada.

Jumamosi, 8 Machi
Dada amehesabu vidonge mara tatu. Vinane havipo. Alidhani amevimeza mara mbili bila kujua. Akauliza taratibu, “Mdogo wangu, nimeanza kusahau? Dawa ikiisha mapema, vidole vikajikunja tena, nitafanyaje?”
Hilo lilinishinda. Nikakiri yote. Hakufoka. Aliyatazama masikio yangu, akachukua sindano, akatunga uzi. Mara moja tu, bila kutetemeka. Akaanza kunishonea kofia ya ukingo mpana. Nilikaa chini nikaviangalia vidole vile vikienda na kurudi, nikasahau kuomba msamaha.

Jumapili, 9 Machi
Daktari ameruhusu kwa simu vinane vifidiwe. Nimeapa mbele ya dada: dawa ya mtu ni ya mtu.
Mchana nimepita kwa mwenzangu. Ameandikiwa matone ya macho, sasa anaona ufa wa ukuta akiwa ng’ambo ya barabara. Ajabu kubwa. Mimi juzi nilipindisha mstari wa rangi ukutani. Chupa ameiacha dirishani, naye ameingia kuoga.
Tone moja halimpunguzii kitu.