Ombi la Kuingiza Ngazi, Sufuria na Mama Mkwe Kwenye Alama Zangu za Mkopo

Ndugu Mkurugenzi,
Ofisi ya Taarifa za Mikopo.

Pokea salamu zangu, pamoja na pole ya kusoma barua za watu kama mimi tangu asubuhi. Mimi ni fundi makochi. Kama umewahi kukaa kwenye kochi springi ikakuchoma, hilo si langu. Ya kwangu huzama katikati tu.

Mwenye nyumba wetu anauza nyumba tuliyopanga kwa miaka kumi na tisa: vyumba vitatu na kibanda cha uani, ambacho ndiyo karakana yangu. Watoto wetu wote walijifunza kutembea humo wakishikilia makochi ya wateja. Ametupa sisi nafasi ya kwanza, mwisho Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Tukishindwa, atamuuzia bwana mmoja anayetaka kuibomoa apate pa kuegeshea magari. Mke wangu ameshapima madirisha kwa ajili ya pazia mpya, mara mbili, na mara ya pili alikuwa anaimba.

Benki imekubali kutupa mkopo wa nyumba kwa sharti moja: alama zangu kwenye ofisi yako zifike mia sita. Ziko mia mbili na kumi na moja. Afisa mikopo, binti mpole mwenye miwani, aliigeuza skrini nisiione, akasema, "Usijali, baba, nimeshaona za chini zaidi." Nikauliza za nani. Akasema, "Za marehemu mmoja."

Malalamiko yangu, kwa heshima zote, ni haya:

1. Kwamba mmeniandika "mkopaji hatari". Ni kweli, miaka minne iliyopita nilikopa kwa simu hela ya sponji la kiti kimoja. Kesho yake simu ikatumbukia kwenye ndoo ya gundi. Nikanunua laini mpya, nikaendelea na maisha, nikidhani deni limezama na simu. Kumbe halikuzama, lilikuwa linaogelea na kunenepa. Nimeshalilipa lote, risiti nimeambatisha. Ila barua yenu ilifunguliwa na mke wangu, na tangu siku hiyo sina jina jingine nyumbani. "Hatari, chai iko mezani." "Hatari, umefunga geti?" Juzi mteja alikuja kuniulizia, watoto wakamwambia, "Pita tu, Hatari yuko uani." Mteja hakupita.

2. Kwamba dawa mliyonipa hainyweki. Karatasi yenu inasema mwenye alama mbaya akope kidogo, arudishe kwa wakati, arudie hivyo hadi aaminike. Nimejaribu. Benki nne zimeniambia kwanza niwe na alama. Chama cha akiba kikasema hivyo hivyo. Hata simu, iliyokuwa ikinibembeleza nikope kila nikipiga chafya, sasa imeninunia. Yaani ili nikopeshwe, sharti niwe nimeshakopeshwa. Nikabaki na wakopeshaji wasio na skrini, ambao ni majirani zangu, nao hukopesha walichonacho.

3. Kwamba mmeidharau ngazi. Tarehe mbili nilichukua ngazi kwa fundi umeme wa nyumba ya pili, kwa makubaliano ya saa nne. Niliirudisha baada ya saa mbili na nusu. Akatia sahihi kwenye daftari nililofungua la kuandikia mikopo yangu, na kwa kuwa ana muhuri wa biashara, akagonga na muhuri. Nilipolileta daftari hilo kwenu, bwana wa dirisha namba tatu alilipekua taratibu, akaandika pembeni: "Haihusiki." Ndugu Mkurugenzi, ile ni ngazi ya futi kumi na nne. Inahusika hata ukiwa ng'ambo ya barabara.

4. Kwamba hamjui riba mkiiona. Sufuria ya jirani anayepikia shule niliirudisha imesuguliwa hadi mwenyewe akaikana. "Hii si yangu, yangu nyeusi." Ilibidi mke wangu aitwe kama shahidi, akamwonyesha pale ilipobonyea. Nionyesheni mkopaji mwingine aliyerudisha mkopo ukawa mzuri hadi mkopeshaji akaukataa!

5. Hapa nakiri nilinogewa. Nikakopa toroli. Nikakopa mwavuli wakati jua linawaka. Nikakopa magongo ya babu wa kona huku mwenyewe ameketi, nikayarudisha kabla hajataka kusimama. Nikakopa mtoto mchanga wa mshona nguo kwa saa moja, akarudi ameshiba, amecheua, amelala. Mama yake aligonga muhuri mara mbili, akauliza kama kesho sitamhitaji tena. Sasa watu wananiita wenyewe barabarani: "We Hatari, leo hukopi? Mbona mashine yangu ya kukata majani imekaa tu?" Mtaa mzima unaniamini. Iliyobaki ni ofisi yako.

6. Na hili ndilo linaloniuma zaidi. Jirani wa mkono wa kulia, dereva wa lori, alinikopesha mama mkwe wake kuanzia Jumamosi asubuhi hadi Jumapili saa kumi jioni. Mama mwenyewe aliridhia, alitaka kuona kochi likishonwa. Alikaa kwenye stuli karakanani, akafumua mishono yangu yote ya wiki, akaniita "mwanangu mzembe" mara nisizozihesabu. Tulicheka hadi misumari ikaniponyoka mdomoni. Jumapili, saa kumi kasoro dakika tano, nilikuwa naye mlangoni. Dereva akafungua, akatazama saa, akamtazama mama, akaninong'oneza, "Fundi, si ungechelewa kidogo? Nani angekudai?" Nawe nakuuliza: katika mafaili yako yote, yuko nani aliyebembelezwa na mkopeshaji achelewe kurudisha, naye akakataa?

Hoja yangu ni nyepesi. Uaminifu ni mmoja, haubagui vyombo. Anayerudisha sufuria ya mtu atarudisha na hela za benki, na majirani wanaomjua mtu huyo wanatosha kuwa mashahidi. Nina mikopo thelathini na saba daftarini, yote imerudi, hakuna hata mmoja uliochelewa. Naomba kila mmoja uhesabiwe alama kumi na moja tu. Nimepiga hesabu mwenyewe: nitafika mia sita na kumi na nane. Hizo kumi na nane za ziada mpeni yule marehemu.

Naomba ifanyike kabla ya Ijumaa. Pazia zimeshakatwa, na kwa kipimo cha madirisha yale hazitafaa nyumba nyingine yoyote.

Nisalimie bwana wa dirisha namba tatu, sina kinyongo naye. Nisalimie askari wa mlangoni aliyenishikia daftari nilipokwenda kunywa maji. Nisalimie na kiti chenu cha mapokezi, kiambie nimekiona, kinahitaji springi mbili.

Ni mimi mwenye matumaini kukuzidi,

Fundi Makochi (nyumbani: Hatari)
Geti la kijani, nyuma ya duka la dawa.

Nyongeza: Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, amesikia habari za nyumba. Anaomba tukiipata tumpangishe chumba cha mbele, kodi awe analipa mwisho wa mwezi. Kaja na barua kumi na mbili za majirani zake, zote zimegongwa mihuri, kwamba hurudisha kila anachopewa: nyundo, beseni, hata baiskeli, tena ikiwa imejazwa upepo. Nimemwambia, shemeji, tusichezeane akili. Beseni ni beseni, kodi ni kodi, na majirani watasema lolote. Tafadhali nitumie alama zake haraka. Zikiwa chini ya mia sita, hapati hata pa kuegesha hiyo baiskeli.