Alama Tatu, Mstari Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji kaamka tena mkono umemvimba. Alama tatu nyekundu, mstari mmoja, kama vifungo vya shati. Kajikuna mpaka chai ikapoa. Yeye ni kinyozi, na kinyozi anayejikuna ni hatari: juzi kamwondolea mteja nusu ya sharubu. Dada akanitaka nitazame, maana msomi wa nyumba hii ni mimi. Nusu muhula, chuo cha kilimo, somo la wadudu. Nikatazama. Mbu, nikasema. Shemeji akadai mbu hapangi foleni. Anajua nini huyu zaidi ya upara wa watu?

Saa nne akaja muuguzi, jirani yetu, yule asiyengoja kualikwa. Akatupa jicho mara moja, akatamka: kunguni. Eti mbu huacha uvimbe mmoja hapa, mwingine kule. Kunguni huuma, akasogea, akauma tena. Kisha akauliza ni kitu gani cha kuokotwa kimeingia humu ndani.

Wote wakageukia kochi langu.

Kochi langu! La mtu mmoja, la kijani, mguu mmoja tu mbovu. Nililiokota mtaa wa nyuma, siku wapangaji fulani walipohama wakijikuna mpaka kwenye gari. Ndilo kitanda changu na ofisi yangu tangu nije kwa dada kukaa wiki mbili, miezi minne iliyopita. Likitolewa, najua nani atafuata. Lazima apatikane mdudu mwingine.

Jumanne, 4 Machi

Siafu! Wamejaa tele nyuma ya bafu. Mpango: kuwakusanya kwenye kopo, kuwamwaga kidogo tu chumbani kwa shemeji, kisha kuwagundua mbele ya watu. Nikatia kopo mfukoni mwa suruali.

Kifuniko hakikubana.

Suruali niliivulia uani, mbio, muuguzi akianika nguo. Hakugeuka upande, hana haya. Akanifundisha, bila kuulizwa, kwamba siafu hung'ang'ania kwa taya. Ukivuta mwili, kichwa kinabaki. Akahesabu vichwa viwili vilivyobaki, mahali ambapo sitapaandika hata humu. Akaongeza kuwa alama zangu hazifanani kabisa na za shemeji. Mwanamke huyu ana wivu na taaluma yangu.

Jumatano, 5 Machi

Nyigu! Wana kiota juu ya dirisha la shemeji, hadharani, na hakuna aliyewashuku. Nikamwita dada aje ashuhudie. Nikakigusa kiota kwa fimbo ya ufagio, kwa adabu kabisa.

Mdomo. Kope. Sikio. Mdomo tena.

Sikubabaika. Mwiba lazima ukwanguliwe mara moja, hilo nalikumbuka darasani. Nikakwangua mdomo kwa kadi ya maktaba saa nzima. Muuguzi akaja (nani anamwita?) akasema mwenye kuacha mwiba ni nyuki; nyigu haachi, ndiyo maana anaweza kurudia, na alirudia. Kumbe nilikuwa nakwangua ngozi yangu tu. Akaniletea kitambaa cha maji baridi. Nikakikataa. Alipoondoka nikakiweka.

Shemeji aliponiona jioni akacheka mpaka akakaa chini. Miezi minne sijamwona akicheka. Roho mbaya tu.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Tena kutoka kinywani mwa adui!

Nilikuwa nimeegemea mlango wa jikoni, kwa bahati, sikio likiwa upande wa ndani. Shemeji alikuwa anamwambia dada: "Mimi nimechoka. Humu ndani mna kupe. Miezi minne kajibandika, ananyonya tu, habanduki. Ama yeye, ama mimi."

Kupe! Si kunguni! Kochi limesafishwa jina. Sikumdhania kinyozi kuwa na macho makali hivyo. Dada alijibu kwa sauti ya kilio kwamba ni damu yake, hawezi kumfukuza. Sawa kabisa: kupe hujaa damu ya anayemnyonya. Dada naye kumbe alisoma kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimelisema asubuhi, mezani, nikiwa nimesimama. Kwamba shemeji yuko sahihi. Kwamba kupe yumo, miezi minne, na ni aibu kwa nyumba ya watu wenye heshima zao. Na kwamba kesho mimi mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, nitahakikisha ametoka.

Kijiko cha shemeji kikaanguka. Kisha akainuka akanishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakimlengalenga. Akasema hakujua kama mimi ni mwanamume wa namna hii. Nilikuwa nalijua hilo siku zote.

Muuguzi alipopita nikamweleza, apate wivu. Akanitazama sana. Akasema kupe hatolewi kwa fujo: unamshika karibu na kichwa, unavuta polepole, bila kumponda. Shemeji akasema yeye angevuta hata kwa koleo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekuta dada amefua nguo zangu zote kwa maji ya moto, kazipanga begini. Tahadhari nzuri, kupe hujificha kwenye mikunjo. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamwambia asilie kwa ajili ya mdudu. Akaniuliza, polepole, kama kweli ninaelewa huyo kupe ni nani. Nikamsahihisha: si nani, ni nini. Akafumba macho. Akanikumbatia kwa muda mrefu, na mimi nikasikia huzuni, sijui kwa nini. Nampenda sana dada yangu, ila elimu ya wadudu hana.

Shemeji kasema ni bora nikae mbali wakati kazi ya kusafisha inaendelea. Kanijali! Kochi kalibeba kichwani mwenyewe mpaka kituoni, anapiga mluzi. Nikamuuliza nirudi lini. Akasema nisiwe na haraka.

Jumapili, 9 Machi

Niko kwa mjomba. Fundi saa, anaishi peke yake, nyumba kubwa isiyo na mtaalamu. Kochi limekaa vizuri karibu na kitanda chake. Nimemwambia nipo wiki mbili tu.

Leo kaamka anajikuna. Skrubu za saa ya mteja zimemponyoka, moja imeingia ufa wa sakafu. Akanyoosha mkono nimtazamie: alama tatu nyekundu, mstari mmoja.

Nikavaa miwani yake. Nikatazama kwa makini, bila haraka, kama inavyotakiwa.

Mbu, nikamwambia.